Rejista ya Majengo ya Mtoni

Mbithe Kivuva alikuwa na sheria moja ya kazi, na hakufundishwa na mtu. Ukiona kasoro katika vitabu vya watu, usiseme neno. Funga daftari, maliza chai uliyopewa, shukuru, kisha uende zako. Ukiuliza tu, umewapa nafasi ya kupika maelezo, na maelezo yakishapikwa na watu kumi na wanane huwa matamu sana. Ukifika nyumbani, andika ulichokiona.

Sheria hiyo aliipata kwa aibu. Mwaka wa 1998 alikuwa ametumwa kukagua kikundi kimoja mbali huko, akakuta rejista imejaa majina. Aliwauliza viongozi, kwa upole kabisa, kuhusu majina mawili matatu yaliyomtia shaka. Wakamweleza vizuri, wakamletea hata watu wa kusimama na kuitika majina hayo. Akaandika sifa tupu. Baadaye ikajulikana kwamba nusu ya majina yale yalikuwa ya watu waliokwisha kuzikwa zamani, na Mbithe akasimamishwa mbele ya wakubwa wa mradi, Wazungu kwa Waafrika, akajitetea kama mtoto aliyevunja sahani za wageni. Jioni ile alirudi kwake, mashariki ya Thika, akiapa kwamba hakuna mtu atakayempiga changa la macho tena.

Moyo huo ndio alioingia nao Majengo ya Mtoni, Januari ya 1999.

Majengo ya Mtoni ulikuwa mtaa mdogo nje ya Ruiru, nyumba za mabati na udongo zilizosongamana upande usiokuwa na kitu. Vitu vyote vilikuwa ng'ambo ya mto: barabara ya lami, zahanati, na mashamba ya maua walikoajiriwa wengi wa mtaa. Kuvuka kulikuwa kwa magogo mawili yaliyofungwa pamoja kwa waya. Mtu akiyaogopa magogo, azunguke kwa miguu saa moja na nusu, na anayetakiwa kazini alfajiri hana saa moja na nusu ya kuchezea.

Wafadhili wa nje walikuwa wamefika huko mwaka wa 1997 na wazo lao. Madaraka yateremshwe mashinani, walisema. Kila mtaa uwe na kamati yake, na kamati ndiyo iseme inataka nini, badala ya kuletewa vitu na ofisi ya mbali isiyojua hata njia ya kufika. Mtaa ukithibitisha kwa miaka miwili kwamba unaweza kukutana kila mwezi, kuamua mambo yake na kuweka vitabu sawa, utapewa kile ulichokichagua. Majengo ya Mtoni walichagua daraja la miguu. Mbithe alitumwa kutazama kama wamefuzu au wameanguka.

Walimpokea katika chumba cha madrasa, chenye mabenchi mafupi ya watoto. Mwenyekiti alikuwa Omar, fundi wa baiskeli, mtu wa maneno machache aliyekuwa ameosha mikono yake kwa mchanga hadi ikawa myekundu, na bado grisi imebaki kwenye kucha. Katibu alikuwa binti yake, Hayat, msichana wa miaka ishirini aliyefanya kazi shamba la maua na siku hiyo ameomba ruhusa. Hayat aliweka madaftari mawili mezani, yamefunikwa kwa karatasi ya kaki kama vitabu vya shule.

"Hii ni ya majina, Madam, na hii ni minitsi ya mikutano," alisema. "Anza na minitsi. Ndiyo iko na story yote."

"Rejista inatosha," Mbithe akajibu. Alikuwa na mitaa mingine minne ya kukagua wiki hiyo.

"Basi tukuandike. Wageni wetu pia tunawaandika."

"Mkaguzi haandikwi, mama."

Hayat akacheka kidogo na kurudisha kalamu yake. Mbithe akafungua rejista. Hakuwa amewahi kuona kitabu cha kamati kilichotunzwa namna hiyo. Mistari ilikuwa imenyooka, mwandiko wa kupendeza, tarehe za mikutano ishirini na mitatu zimepangwa juu bila kurukwa hata moja. Waliokosa mkutano waliandikwa wamekosa. Omar mwenyewe alikuwa amekosa mara mbili, na pembeni imeandikwa malaria.

Mtu mmoja tu hakuwahi kukosa. Namba moja, Amida Juma: alama ishirini na tatu, kila mwezi, mvua na jua. Mbithe akatazama hapo. Katika miaka yake yote ya kukagua hakuwahi kukutana na mtu asiyeugua, asiyesafiri na asiyefiwa kwa miaka miwili mfululizo. Akainua macho polepole, akahesabu wanawake waliokuwa chumbani. Walikuwa watano. Rejista ya siku hiyo hiyo, wino haujakauka vizuri, ilikuwa na wanawake sita waliohudhuria.

Akafunga daftari. Akamaliza chai. Akashukuru.

Hayat alimsindikiza mpaka mtoni. Alivua viatu, akavuka magogo kwanza ili kuonyesha mahali pa kukanyaga, kisha akarudi kumshika mkono mgeni. Maji yalikuwa kidogo msimu huo, lakini Mbithe alikuwa mtu wa nchi kavu na alikanyaga kwa woga. Mkono wa yule msichana ulikuwa mkavu, umejaa michubuko ya miiba ya waridi, na haukumwachilia hata mara moja.

"Madam, daraja litakuja kabla ya mvua ya mwezi wa nne?" Hayat aliuliza walipofika ng'ambo.

"Mimi kazi yangu ni kuandika tu."

"Basi uandike vizuri," Hayat akasema, akarudi kwao akiwa amebeba viatu mkononi.

Kando ya barabara palikuwa na kibanda cha mama mmoja aitwaye Ngendo. Mbithe aliagiza soda, na katikati ya mazungumzo ya jua na bei ya sukari akauliza, kama mtu anayeulizia jamaa, kama Amida Juma wa ng'ambo yuko salama siku hizi.

"Amida?" Ngendo akashika shavu. "Ngai, si Amida alikufa! Ile mwaka ya El Niño. Maskini, huyo mama..."

Ngendo alitaka kuendelea, lakini Mbithe alikuwa ameshasimama na kurudisha chupa. Kilichomfaa alikuwa amekipata. Alipitia kwa chifu, akaomba kuona kitabu cha vibali vya mazishi, akalikuta jina pale, Novemba 1997. Moyo wake uliruka kwa furaha. Tusimfiche, alifurahi kabisa, kama mwindaji. Safari hii hawakumweza.

Ripoti yake ilikuwa na kurasa arobaini. Majengo ya Mtoni walipewa aya moja: kwamba rejista yao ilimwonyesha marehemu akihudhuria mikutano kumi na minne baada ya kifo chake, kwamba kwa hiyo vitabu vyao haviwezi kuaminiwa, na kwamba mtaa huo haujawa tayari kukabidhiwa maamuzi. Alipendekeza uondolewe. Kiongozi wa tathmini, Mzungu mtaratibu asiyetoa sifa ovyo, aliisoma aya hiyo mbele ya wenzake na kusema hiyo ndiyo kazi inayotakiwa. Mbithe alilala usingizi mzuri majuma mengi.

Mwanzoni mwa mwezi wa sita alirudi ofisi ya mradi mjini Thika kuchukua barua ya kumpendekeza kwa kazi nyingine. Tobias, afisa aliyeshughulikia mafaili, alimpa barua yake, kisha akavuta droo ya chini.

"Na kuna hii, Mbithe. Ililetwa kwa mkono, ikaingizwa kwa faili ya Majengo ya Mtoni, na faili ilikuwa imefungwa. Niliiona juzi tu nikipanga. Ndani wamekutaja."

Aliutambua mwandiko kabla ya kufungua. Akasoma akiwa amesimama.

"Kwa Madam Mbithe. Salamu nyingi. Tumepata barua ya kusema tumetolewa kwa sababu tulimwandika marehemu. Ni kweli tulimwandika. Amida Juma ni mama yangu. Yeye ndiye alisimama mkutano wa kwanza kabisa, wengine wakitaka viti na wengine ofisi, akasema tuchague daraja. Mwezi wa kumi na moja akitoka zahanati aliteleza kwenye magogo, na tulimpata baada ya siku mbili. Mkutano wa Disemba baba alisema jina lake lisitolewe mpaka siku mtu wa kwanza atavuka daraja. Tulipiga kura na mikono yote ilienda juu. Iko kwa minitsi ya mkutano wa kumi, ukurasa wa kumi na tisa. Nikiita jina lake baba anaitika Yuko, halafu mimi naweka alama. Hatukutaka kudanganya mtu. Ungetuuliza siku ile tungekuambia. Tafadhali uandike tena, hata ukurasa mmoja, kabla mvua haijaanza. Ni mimi Hayat Omar, katibu."

Tarehe ilikuwa ishirini na saba Februari.

Mbithe alikaa kwenye kiti bila kukaribishwa. Alilikumbuka lile daftari la pili, lilivyokuwa limefunikwa kwa kaki, lilivyokuwa mezani shibiri moja kutoka kwenye kiwiko chake. Ukurasa wa kumi na tisa. Angelifungua tu. Tathmini nzima, magari, mafuta, semina za siku tatu hotelini, ilikuwa ni kutafuta jibu la swali moja: je, watu wa mtaa wanaweza kukaa pamoja na kuamua jambo lao wenyewe? Hawa walikuwa wamekaa, wakaamua, mikono yote ikaenda juu, wakaliandika walivyofundishwa. Naye alikuwa amewanyima daraja kwa uamuzi huo huo. Alijichukia, wala hakujaribu kujitafutia sababu.

"Tobias, mimi nimekosea," alisema. "Nataka hii ripoti irekebishwe."

Tobias aliisoma barua, akavua miwani, akaipangusa kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mwaka wa pesa ulifungwa Machi," akasema. "Fungu lao lilihamishwa. Lile daraja sasa ni visima viwili mahali pengine, na vimeshachimbwa. Andika, nitapiga muhuri na kuweka kwa faili. Lakini sitaki kukudanganya."

Aliandika. Alikaa kwenye taipureta ya ofisi mchana wote, akaeleza jinsi alivyokataa kusoma kitabu alichopewa, na kwamba kamati ya Majengo ya Mtoni ndiyo iliyoweka vitabu vya kweli kuliko zote alizokagua. Ukurasa mmoja, kama alivyoombwa. Tobias akapiga muhuri, na Mbithe akachukua nakala. Alitaka kuwapelekea kwa mkono wake. Alitaka Hayat aisome, amtazame machoni, amkaripie akitaka, ili na yeye apate kusema pole. Zaidi ya hapo hakuwa na kitu cha kuwapa.

Kamati ilikuwa ikikutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi, baada ya swala ya alasiri. Hakujua kama bado wanakutana. Mradi ulikuwa umewaacha tangu Februari, na kamati nyingine alizozijua, hata zile zilizofuzu, zilikuwa zimekufa mara tu semina zilipokwisha. Alishuka mpaka mtoni, akapakuta patupu. Magogo hayakuwepo. Waya ulikuwa ukining'inia kwenye kigingi cha upande wa pili, na kingo zilikuwa zimemomonyoka, mto umepanuka. Akazunguka kwa miguu, saa moja na nusu na zaidi, viatu vikilemewa na udongo mwekundu, bahasha akiwa ameikumbatia kifuani.

Alipofika madrasa mlango ulikuwa wazi na watu wameketi. Walikuwa wakikutana bado. Walimwona, wakageuka wote, naye akawaza kwamba watamfukuza. Kisha Ruqayya, mama mmoja mnene aliyekuwa mweka hazina, akasogea kwenye benchi na kupigapiga mahali pa kukaa, na kikombe cha chai kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kwake. Omar alimwinamishia kichwa kutoka mbele. Alikuwa amekonda sana, kanzu ilimkaa kama ya kuazima.

Mezani, mahali pa Hayat, alikaa Junaid, kijana mwendesha mkokoteni, ameinamia daftari lenye jalada la kaki. Mbithe alifikiri Hayat yuko zamu shambani, kwa kuwa mauzo ya maua hayajui Jumamosi. Akaamua kwamba atamsubiri hata mpaka jioni.

"Haya, tuanze na majina," Omar alisema.

Junaid alisoma taratibu, akifuata mstari kwa kidole.

"Amida Juma."

Nje kuku walikuwa wakiparura. Omar aliinua uso wake kidogo.

"Yuko," akaitika.

Junaid akaweka alama. Kwa hiyo hivi ndivyo ilivyokuwa, Mbithe alifikiri. Mara kumi na tisa sasa, pamoja na siku ile alipokuwa yeye mwenyewe njiani kuja kuwahesabu wanawake. Aliona haya kunywa chai yao. Majina yakaendelea, watu wakajibu, wengine kwa ukali wa mzaha kwa vile Junaid alikuwa akiyakosea.

"Ruqayya Salim."

"Niko."

"Hayat Omar."

Mbithe aligeuka kutazama mlangoni, akitarajia kumwona akiingia mbiombio na viatu mkononi. Mlango ulikuwa mtupu. Aliporudisha macho ndani akaona kwamba watu wote wameinamisha vichwa, na kwamba Junaid ameacha kidole chake palepale kwenye jina, hakisogei.

"Yuko," Omar akasema.

Sauti ilikuwa ileile aliyoitikia nayo jina la mkewe. Junaid akaweka alama.

Mbithe alimshika Ruqayya mkono. "Hayat yuko wapi?" akanong'ona, ingawa alikwisha kujua.

"Mto ulimchukua, mwezi wa nne," Ruqayya akamjibu kwa sauti ya chini, akitazama mbele. "Asubuhi, bado giza, akienda kazi. Usiku mvua ilikuwa imenyesha huko juu, kwetu hata haikunyesha. Walikuwa wanakatwa mshahara wakichelewa. Magogo yalienda na yeye."

Mwezi wa nne. Barua ilikuwa kwenye droo ya Tobias. Mbithe alikuwa amelala vizuri kitandani kwake, mashariki ya Thika, na yule msichana alikuwa amekanyaga magogo yale peke yake gizani, bila mtu wa kumshika mkono. Alisikia mkono ule sasa katika wake, mkavu, wenye michubuko ya waridi. Bahasha ilikuwa mapajani, na ndani yake ule ukurasa mmoja aliokuwa akiuringia njia nzima kwamba umeandikwa vizuri. Hakuwa na mtu wa kumpa.

Junaid alifika mwisho wa orodha. Aligeuza kalamu, akamtazama Omar, na Omar akamwashiria aendelee.

"Na mgeni wetu. Hiyo ni kawaida yetu, wageni pia tunaandika." Akaandika pole pole, herufi kwa herufi, chini ya majina kumi na nane. "Mbithe Kivuva."

Mbithe akafungua mdomo. Lilikuwa neno moja tu lililotakiwa, neno ambalo kila mtu chumbani alikuwa amelisema bila kufikiri. Alijaribu tena, na hakukutoka kitu ila pumzi. Chozi likamdondokea kwenye bahasha, halafu jingine, na hakuinua mkono kuyafuta. Junaid alisubiri na kalamu yake juu ya karatasi. Watu wote walisubiri, na hakuna aliyemhimiza.

Omar alimtazama kutoka kule mbele. Hakuwa na hasira machoni, na afadhali angekuwa nayo.

"Yuko," akamwitikia.

Junaid akaweka alama.